Milima ya Apenini Mwezini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazamaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu umetokana na maswali ambayo watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huyarudia wakishachungulia Mwezi kwenye darubini kwa mara ya kwanza. Karibu wote huanzia mahali pamoja: "Ile milima iliyojipanga pale katikati ni nini?" Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yanayomhitaji mtu awe ameshatazama mara kadhaa. Kama leo Mwezi ni nusu na anga ni safi, soma kwanza swali la usiku unaofaa, toka nje, mengine utayasoma ukirudi ndani.

## Mambo ya msingi

Apenini ni nini, na iko wapi Mwezini?

Ni safu ya milima iliyoko upande wa Mwezi unaotuelekea, si mbali na katikati ya uso wake, kaskazini kidogo ya ikweta ya Mwezi. Imepinda kama upinde wa kuwindia, na urefu wake ni kilomita 600 hivi, karibu mara mbili ya safari ya barabara kutoka Iringa hadi Mbeya. Upande wa kusini-magharibi inaishia kwenye kreta (shimo la duara) ya Eratosthenes, na upande wa kaskazini-mashariki inaishia karibu na Mlima Hadley. Ndani ya mpindo huo umetanda uwanda mkubwa mweusi uitwao Bahari ya Mvua, mojawapo ya yale madoa ambayo kila mtu huyaona kwa macho tangu utotoni.

Kwenye ramani za Mwezi utaikuta safu hii imeandikwa Montes Apenninus, na uwanda wake Mare Imbrium. Mwezi hutuonyesha uso uleule siku zote, kwa hiyo milima hii haihami. Kinachobadilika ni mwanga unaoiangukia, na mwanga huo ndio unaoamua kama utaiona au utaikosa.

Mbona ina jina la milima ya Italia?

Mwaka 1647 Johannes Hevelius, mtengenezaji wa bia wa mji wa Gdańsk aliyekuwa na darubini zake juu ya paa, alichapisha ramani za Mwezi na kuipa milima yake majina ya milima ya duniani. Majina yake mengi yalikufa, lakini ya safu chache yalibaki, Apenini ikiwemo. Vilele vyake vilipewa baadaye majina ya wanasayansi: Huygens, Hadley, Bradley, Ampère, Wolff.

Ni mirefu kuliko Rungwe? Na Kilimanjaro je?

Rungwe inaachwa mbali. Mlima Huygens, kilele kirefu kuliko vyote katika safu, unasimama zaidi kidogo ya kilomita 5 juu ya uwanda ulio chini yake. Mlima Hadley una kilomita 4.5 hivi. Rungwe ina mita 2,960 kutoka usawa wa bahari, na ukianzia Tukuyu, ambako mtu tayari yuko juu, kimo kinachobaki ni kidogo zaidi.

Kwa Kilimanjaro inabidi tuangalie tunapima kutoka wapi. Mita 5,895 zinahesabiwa kutoka baharini, lakini Moshi yenyewe iko karibu mita 900 juu ya bahari, kwa hiyo mlima unaouona ukiwa Moshi una kama kilomita 5. Huygens unalingana nao, pengine unauzidi kidogo, na haupo peke yake: una majirani wa kilomita 3 na 4 kulia na kushoto. Haya yote yako kwenye gimba ambalo upana wake ni zaidi kidogo tu ya robo ya upana wa Dunia.

Iliumbwaje? Ni volkano kama Rungwe na Ngozi?

Hapana. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, maana tumekulia kati ya milima iliyojengwa na moto. Rungwe imepanda kwa milipuko mingi, lava na majivu, tabaka juu ya tabaka. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kasoko ya volkano iliyobomoka. Mtu aliyezoea nchi kama hii akiona mashimo ya duara Mwezini, jibu lake la kwanza ni volkano.

Apenini ni ukingo wa shimo la mgongano. Miaka bilioni 3.9 hivi iliyopita gimba kutoka anga za juu liliupiga Mwezi na kufungua bonde lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,100. Makadirio ya ukubwa wa gimba lenyewe yanatofautiana sana. Mengine yanafikia kilomita 250. Ganda la Mwezi lilisukumwa nje na juu, likakatika kwenye nyufa kubwa za mviringo, na mapande yake yakabaki yamesimama. Mapande hayo ndiyo milima unayoitazama. Haikuinuka polepole kwa mamilioni ya miaka. Sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha safu nzima ilikwisha kwa muda unaohesabika kwa dakika na saa. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi, na kila nikilieleza linanishitua upya.

Ndiyo maana safu imepinda: ni kipande cha duara. Ukiufuata mzunguko wa Bahari ya Mvua utakutana na Montes Caucasus, halafu Montes Alpes upande wa kaskazini, na ng'ambo ya Eratosthenes kuna Montes Carpatus. Kati ya Apenini na Caucasus pameachwa pengo, na uwanda wa Bahari ya Mvua unaungana hapo na uwanda wa jirani, Mare Serenitatis.

Umbo lake unaweza kulielewa ukisimama Matema na kuutazama ukuta wa milima ya Livingstone. Upande wa Ziwa Nyasa umekwenda juu ghafla, zaidi ya mita 1,500 kutoka kwenye maji, lakini ukishapanda unakuta nchi ya juu inayoendelea kuelekea Kitulo. Apenini nayo imesimama wima upande wa Bahari ya Mvua, kisha inateremka taratibu upande wa nyuma. Kilichotofautiana ni sababu. Livingstone ni kazi ya bonde la ufa, ardhi inayopasuka na kuzama kidogo kidogo hata leo.

Bahari ya Mvua ina maji?

Haina hata tone. Ni lava iliyoganda. Baada ya mgongano bonde lilikaa wazi kwa mamia ya mamilioni ya miaka, huku lava ikipanda kwenye nyufa na kulijaza awamu kwa awamu. Mawe ya bazalti, yaani lava iliyoganda, ambayo wanaanga waliyaleta kutoka miguuni mwa Apenini, yana umri wa miaka bilioni 3.3 hivi, kwa hiyo milima imeitangulia ile "bahari" yake kwa muda mrefu mno. Volkano unayoitafuta iko kwenye uwanda.

## Kuitazama kutoka huku kwetu

Usiku gani unafaa?

Jioni ya robo ya kwanza, yaani Mwezi ukiwa nusu, na jioni mbili zinazofuata. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ahesabu jioni zinazoingiza tarehe 7, 8 na 9. Wakati huo ndipo jua linachomoza juu ya Apenini. Miale inakuja karibu sambamba na ardhi, kila kilele kinatupa kivuli kirefu juu ya uwanda, na safu nzima inajitenga na giza kiasi kwamba watu huinua kichwa kutoka kwenye darubini, wautazame Mwezi kwa macho, kisha wainame tena kuhakikisha.

Kati ya hizo tatu mimi huchagua ya pili. Siku ya robo yenyewe mara nyingine ni ncha ya Hadley tu iliyopata jua, na Huygens bado iko gizani. Mwezi pia hutikisika kidogo kushoto na kulia, hivyo mwezi mmoja utaipata mapema na mwezi mwingine itachelewa kwa nusu siku hivi. Ukikuta bado giza, usikate tamaa: mpaka wa mwanga unasogea kama kilomita 15 kwa saa, na ukitazama saa mbili hadi tatu mfululizo utauona ukisogea.

Kwetu Mwezi wa robo ya kwanza huwa tayari uko juu sana jua linapozama, na hutua kati ya saa 6 na saa 7 usiku. Una jioni nzima.

Mbona usiku wa Mwezi mpevu siioni?

Kwa sababu jua la pale liko karibu utosini na vivuli vimekwisha. Milima isiyo na vivuli inabaki kuwa mstari mweupe kwenye ukingo wa doa jeusi. Watu wengi hutoa darubini siku ya Mwezi mpevu kwa sababu ndiyo siku inayong'aa, kisha wanasema Mwezi hauna kitu. Inaniuma kila nikisikia hivyo, maana wangetoka wiki moja mapema tu.

Nahitaji chombo gani?

Anza na macho yako. Jioni moja au mbili baada ya robo ya kwanza, kabla giza halijaingia sawasawa na Mwezi haujaanza kuumiza macho, tazama mpaka kati ya nusu ya mwanga na nusu ya giza. Mwenye macho makali huona kinundu kidogo cha mwanga kilichochomoza kuingia gizani. Hiyo ni Apenini, kutoka kilomita 384,400 hivi, bila lenzi yoyote.

Darubini ya mkononi ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50, inakuonyesha safu nzima na upinde wake. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Iegemeze kwenye ukuta au kwenye tawi la mti, kwa sababu mikono inatetemeka zaidi ya tunavyodhani. Darubini ndogo ya kusimamisha yenye lenzi ya sentimita 6 inatenganisha vilele kimoja kimoja na kukuonyesha Conon, kreta ya kilomita 22 hivi iliyotumbukia katikati ya milima. Ukiwa na sentimita 15 na hewa iliyotulia unaweza kujaribu korongo liitwalo Rima Hadley (tazama sehemu ya "Waliofika").

Kabla hujatoa hela dukani: darubini yenye lenzi ya sentimita 5 haiwezi kukuza zaidi ya mara 100 kwa faida. Boksi likiandikwa mara 500, liache hapohapo.

Nitazame sehemu gani ya Mwezi? Picha za vitabuni zimekaa tofauti na ninachokiona.

Malalamiko haya ni ya haki. Picha nyingi zimepigwa na watu wanaoishi mbali kaskazini, ambako Mwezi huonekana umesimama na kaskazini yake juu. Sisi tuko kati ya nyuzi 7 na 11 kusini mwa ikweta, na Mwezi wetu hulala. Jioni ya robo ya kwanza nusu yenye mwanga inatazama chini, kule jua lilikozama, na nusu ya giza iko juu.

Njia ninayoifundisha ni hii. Geukia magharibi kila mara, hata kama Mwezi bado uko utosini. Kaa kwenye kiti cha kulalia, miguu ikielekea magharibi. Ukikaa hivyo, kaskazini ya Mwezi iko mkono wako wa kulia. Tafuta mpaka wa mwanga na giza, ambao sasa umelala kama mstari wa mlalo, kisha kutoka katikati yake sogea kulia kidogo. Safu inaanzia pale kwenye mpaka, kwa Eratosthenes, na kushuka kuelekea kulia, ndani ya sehemu yenye mwanga, hadi Hadley. Upande wake wa juu-kulia ndiko kuliko na Bahari ya Mvua.

Ukitaka kutumia picha ya kitabu, izungushe robo duara kufuata mishale ya saa, nayo itakaa kama Mwezi wako. Kumbuka tu kwamba darubini nyingi za kusimamisha hugeuza picha juu chini, na zile zenye kioo cha pembeni cha kuchungulia hubadilisha kulia kuwa kushoto. Darubini ya macho mawili haigeuzi kitu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Miezi gani ya mwaka ni mizuri?

Juni hadi Oktoba. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua na mawingu vinatawala, na Tukuyu na pande zote za Rungwe huko mawingu hayana hata msimu. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, anga husafika vizuri sana Mbeya, Makete, Njombe na Mufindi, ila jiandae: koti zito, kofia, na kitambaa kikavu cha kufuta umande kwenye lenzi. Toa darubini nje nusu saa kabla, ipoe ilingane na hewa, la sivyo picha itacheza. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa huupaka Mwezi rangi ya chungwa ukiwa chini, lakini ukiwa juu haudhuru sana.

Kuna jambo jingine zuri kwetu. Julai na Agosti Mwezi wa robo ya kwanza hupita karibu na utosi, na unautazama kupitia hewa chache kabisa. Septemba hupita upande wa kusini wa utosi, na Machi hupita kaskazini, ukibahatika kupata mwanya wa mawingu.

Lazima niende Kitulo au mlimani ambako hakuna taa?

Hapana. Hilo ni kwa wanaotafuta nyota hafifu. Mwezi unang'aa kiasi cha kuzishinda taa za Mwanjelwa au Kihesa. Juu ya jiwe la Gangilonga ni pazuri, uani kwako ni pazuri pia. Epuka tu kutazama juu ya paa la bati jioni mapema, kwa sababu joto linalotoka kwenye bati linaivuruga picha.

Naweza kuitazama mchana?

Ndiyo. Mwezi wa robo ya kwanza huchomoza karibu saa 6 mchana, na kuanzia saa 9 au 10 alasiri upo juu vya kutosha. Safu inaonekana, ingawa imepauka. Tahadhari moja isiyo na mjadala: usielekeze darubini upande wa jua hata kwa sekunde moja, na usimwache mtoto na darubini peke yake mchana. Jua kupitia lenzi hupofusha.

Simu inaweza kuipiga picha?

Inaweza. Egemeza kamera ya simu kwenye tundu la kuchungulia la darubini iliyosimamishwa, gusa Mwezi kwenye kioo, kisha punguza mwanga hadi uso wake uache kuwa doa jeupe. Tumia kipima muda ili kidole chako kisitikise.

## Waliofika

Ni kweli watu walifika kwenye milima hii?

Ndiyo, mara moja. Tarehe 30 Julai 1971 David Scott na James Irwin, wanaanga wa Marekani wa safari ya Apollo 15, walitua chini ya Apenini, kwenye kona iliyofungwa na Mlima Hadley upande mmoja na Hadley Delta upande mwingine, huku Alfred Worden akiuzunguka Mwezi peke yake kwenye chombo kikuu. Ili kufika hapo iliwabidi wapite juu ya vilele na kushuka kwa mteremko mkali kuliko waliowatangulia.

Walikaa karibu saa 67. Walikuwa wa kwanza kuendesha gari Mwezini, gari la umeme la kukunjwa, na kwa safari tatu walitembea nalo karibu kilomita 28. Walifika ukingoni mwa Rima Hadley, korongo lililopindapinda lenye upana wa kilomita 1.5 na kina cha zaidi ya mita 300, ambalo lilichimbwa na lava iliyotiririka. Waliondoka tarehe 2 Agosti wakiwa na kilo 77 za mawe na udongo.

Eneo hili lilikuwa limeshaguswa kabla yao kwa namna nyingine. Septemba 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 2, kilijibamiza uwandani kaskazini mwa safu, kikawa kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuufikia Mwezi.

Kwa nini walichagua milimani, mahali pa hatari?

Kwa sababu mgongano ulifukua mawe ya chini na kuyainua hadi wanapoweza kuyafikia watu wenye nyundo na reki tu. Kwenye mteremko wa Hadley Delta, karibu na kreta ndogo iitwayo Spur, Scott na Irwin waliona jiwe jeupe limekaa juu ya bonge la udongo. Lilikuja kuitwa Jiwe la Mwanzo. Lina gramu 269, ni la aina ya anothosaiti, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 4. Mawe ya aina hiyo yanaaminika kuwa mabaki ya ganda la kwanza kabisa la Mwezi, wakati uso wote ulipokuwa bahari ya mwamba ulioyeyuka na madini mepesi yakaelea juu na kuganda. Duniani hatuna uwanda wala mlima uliobaki kutoka wakati huo. Mvua, mito na ardhi inayosogea vimefuta kila kitu. Nenda Isimila uone jinsi maji yalivyochonga nguzo za udongo, halafu fikiria mahali ambapo maji hayajapita kamwe.

Ile habari ya nyundo na unyoya ilitokea hapo?

Ndiyo. Kabla ya kuondoka Scott aliachia nyundo na unyoya wa kipanga kwa wakati mmoja, mbele ya kamera. Viligusa ardhi pamoja, kwa sababu pale hakuna hewa ya kuuzuia unyoya. Walimu wa fizikia wa sekondari, tafadhali onyesheni video ile darasani. Inafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa ubao.

Naweza kuliona gari au bendera kwa darubini?

Hapana, na hakuna darubini yoyote iliyoko duniani inayoweza. Gari lina urefu wa mita 3 tu. Chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009, kimepiga picha za eneo hilo, na chombo cha kutulia, gari na hata alama za magurudumu vinaonekana.

Kwa anayeshuku kabisa, kuna ushahidi unaofanya kazi hadi leo. Waliacha kioo maalumu chenye vipande 300 vya kurudisha mwanga. Wanasayansi hukipiga kwa miale ya leza kutoka duniani na kupima muda inaochukua kurudi. Kwa njia hiyo ndiyo tunajua Mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka.

## Maswali ya waliokwishatazama

Nimeona nukta zinazong'aa ndani ya giza, mbali na sehemu yenye mwanga. Ni taa?

Ni vilele vilivyopata jua kabla ya nchi iliyo chini yake, kama Mlima Mbeya unavyopata mwanga wa asubuhi mji ukiwa bado kivulini. Mlima wa kilomita 5 Mwezini unaweza kuguswa na jua ukiwa bado kilomita 130 hivi ndani ya giza, yaani muda wa saa 9 hivi kabla halijafika uwandani. Ukianza jioni mapema ukaiona nukta moja, endelea nayo hadi saa 4 usiku: inakua, inazaa jirani, kisha inaungana na sehemu yenye mwanga. Galileo alizitazama nukta kama hizi na kuzitumia kukadiria kimo cha milima ya Mwezi, na mwaka 1610 akautangazia ulimwengu kwamba uso wake si laini.

Kwenye darubini vilele vimechongoka kama sindano, lakini kwenye picha za Apollo ni vya mviringo. Ipi ni kweli?

Za Apollo. Kivuli kirefu hukikuza kila kinundu na kukichonga, kwa hiyo jicho linadanganywa. Kwa karibu milima hii ni mikubwa, laini, imepondwa kwa miaka karibu bilioni 4 na vimondo vidogo na vumbi la angani. Miteremko yake ni mikali kwa mpandaji, ila hakuna barafu wala mto wa kuichonga ncha.

Nikisimama kileleni nitaiona Bahari ya Mvua yote?

Hutaiona yote. Mwezi ni mdogo na hujipinda haraka: kwa mtu aliyesimama uwandani upeo uko kilomita 2.4 tu mbele yake. Kutoka kimo cha kilomita 5 utaona kama kilomita 130, na ng'ambo ya uwanda huo iko mbali kuliko hapo mara kadhaa.

Kimondo cha Mbozi kilitoka huko?

Hapana. Kimondo cha Mbozi, chenye tani 16 hivi, ni chuma tupu kilichochanganyika na nikeli. Vimondo vya namna hiyo ni vipande vya viini vya magimba madogo yaliyovunjika. Mawe ya Apenini yana chuma kidogo sana cha hali hiyo. Vimondo kutoka Mwezini vipo, lakini vinafanana na mawe ya kawaida, na wengi wetu tungeviruka njiani.

Robo ya mwisho inaonekanaje?

Ni onyesho tofauti kabisa. Mwezi huchomoza karibu saa 6 usiku, na alfajiri uko juu. Sasa jua linazama juu ya Apenini, mwanga unatoka upande wa Bahari ya Mvua na kuupiga ule ukuta wima usoni. Badala ya vivuli vyeusi uwandani unaona ukuta wenyewe unang'aa, na vivuli vinaangukia nyuma. Anayeamka mapema kwenda shambani anaweza kuutazama kabla jua halijatoka.

Nimepima kivuli kwenye picha yangu nikapata mlima wa kilomita 7. Nimekosea wapi?

Huenda umesahau kwamba uso wa Mwezi ni wa mviringo. Njia yenyewe ni sahihi: tumia Eratosthenes, yenye upana wa kilomita 58, kama rula ya picha; pima umbali wa kilele kutoka kwenye mpaka wa giza; kila kilomita 30 ni nyuzi 1 ya kimo cha jua pale. Tuseme kilele kiko kilomita 150 kutoka mpakani, jua liko nyuzi 5, na kivuli kina kilomita 50. Zidisha 50 kwa 0.087 (tanjenti ya nyuzi 5), unapata kilomita 4.4.

Sasa toa mpindo. Ncha ya kivuli imeangukia ardhi iliyokwishainama kuelekea gizani. Chukua urefu wa kivuli ujizidishe wenyewe, yaani 2,500, ugawe kwa upana wa Mwezi, 3,475: ni kilomita 0.7. Mlima wako una kilomita 3.7. Kadiri kivuli kinavyorefuka ndivyo kosa linavyokua haraka, kwa hiyo picha iliyopigwa jua likiwa nyuzi 1 au 2 huleta majibu ya ajabu. Rudia jioni inayofuata, jua likiwa limepanda na kivuli kimepungua, ulinganishe majibu mawili.